Anza na neno unaloliona kwenye skrini

Ukikabidhiwa programu kubwa iliyoandikwa na wengine, usiisome faili baada ya faili kama riwaya. Mimi nilipoteza wiki mbili hivyo, ofisini Ntinda, Kampala, na bado sikujua malipo yanapitia wapi.

Siku hizi nachukua maneno yale yale anayoyaona mteja, tuseme "Salio halitoshi", kisha kwa git (chombo kinachotunza faili za programu na historia ya mabadiliko yake) naandika amri ya kutafuta maneno kwenye faili zote: git grep -n "Salio halitoshi". Hutokea faili moja au mbili tu. Ikiwa ni faili ya tafsiri, utaona ufunguo wa maneno hayo, yaani jina fupi ambalo programu hulitumia badala yake. Tafuta huo ufunguo. Kutoka hapo narudi nyuma: sehemu hii ya programu inaanzishwa na ipi, nayo hiyo inaanzishwa na ipi, hadi nifike kwenye kitufe alichobonyeza mteja. Nachora mishale kwenye karatasi, basi. Mgeni wa Kampala hakariri jiji zima. Anajua kwanza teksi yake inapakia wapi, mengine atayajua njiani.

Ukikuta mstari wa ajabu, usiufute kwanza. git log -S ikifuatwa na maneno ya mstari huo itakuonyesha yaliingia lini na mwandishi alieleza nini. (Akiwa ameandika "marekebisho" tu, pole.)

Na kilichokuwa kinafanya kazi kikiharibika, tumia git bisect. Inatafuta badiliko lililoleta hitilafu kwa kugawa historia nusu kwa nusu, nawe unajaribu programu kila hatua, hivyo mabadiliko 1,000 yanakwisha kwa majaribio kama 10. Umeme ukikatika katikati, unaendelea ulipoishia.