Je, Wi-Fi Yako Inabeba Simu? Ipime Hivi

Mtu akilalamika kwamba sauti inakatika kwenye simu za Wi-Fi, kwanza hunionyesha kipimo cha kasi. Kasi si hoja. Sauti ya simu ya G.711, kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya kawaida, hula kilobiti 64 tu kwa sekunde kila upande, bila kuhesabu vichwa, yaani maelezo ya safari yanayotangulia kila pakiti. Shida ni foleni: pakiti (vifurushi vidogo vya data) 50 kila sekunde, moja kila milisekunde 20, na kila moja husubiri zamu, maana kwenye chaneli moja huongea kifaa kimoja kwa wakati.

1. Kwenye kompyuta mpakato yenye Linux, ukiwa karibu na ruta, andika:

`sudo ping -i 0.02 -s 172 -c 3000 192.168.1.1`

Hii ni ping: hutuma pakiti na kupima muda wa jibu kurudi. Mahali pa 192.168.1.1 weka anwani ya ruta yako. Pamoja na vichwa, kila pakiti inafika baiti 200, sawa na ya G.711, tena kwa mwendo uleule. Umeigiza simu ya dakika moja bila kumsumbua mtu. (Ruta nyingine hujibu ping kivivu, ni afadhali ulenge kompyuta iliyochomekwa waya.)

2. Soma mistari ya mwisho. Upotevu ukizidi asilimia 1, una kazi. Kisha tazama max (muda mrefu kuliko yote) na mdev (jinsi muda unavyoyumba), usiridhike na wastani: wastani wa milisekunde 4 wenye max ya 300 ni simu mbovu. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na Wi-Fi ni kipande tu cha safari hiyo.

3. Rudia huku mwenzako akipakia faili kubwa. Mitandao mingi huangukia hapa.

4. Rudia ukiwa pembe ya mbali. Ishara ikishuka chini ya -67 dBm (kipimo cha nguvu ya ishara), ongeza kituo cha Wi-Fi au kisogeze. Kifaa cha mbali hutuma polepole, hivyo hushika hewa muda mrefu na kuwachelewesha hata walio karibu.

5. Hamishia simu kwenye masafa ya 5 GHz, washa WMM (mpangilio wa Wi-Fi unaoipa sauti kipaumbele), halafu pima tena ukiongeza `-Q 184`, yaani alama ya DSCP 46, inayoiambia mitambo kwamba pakiti ni ya sauti. Namba zisipobadilika wakati wa msongamano, kuna kifaa kinachoipuuza alama hiyo.

6. Kujua zitaingia simu ngapi, endesha ping kwenye kompyuta kadhaa kwa pamoja mpaka max ianze kupaa. Enzi za 802.11b, Wi-Fi ya zamani ya megabiti 11 kwa sekunde, hesabu ya kilobiti iliahidi simu zaidi ya 80. Zilizoingia ni kama kumi hivi.