Kabla hujainstoli plagini kwenye saiti yako, ichunguze hivi

Elewa kitu kimoja kwanza, plagini (kiprogramu cha kuiongezea saiti uwezo fulani) ya WordPress, ile programu inayoendesha saiti yako, haijafungiwa sehemu yake peke yake, ukishaiwasha inafanya kazi kwa nguvu zilezile za WordPress yenyewe, yaani hata kale kaplagini ka kubadilisha rangi ya kitufe kanaweza kusoma faili la wp-config.php lenye paswedi ya databesi yako, na kakitaka kanatengeneza admini mpya bila kukuuliza. Kwa hiyo jiulize kwanza, naihitaji kweli? Kama themu yako (ile inayoipa saiti muonekano) tayari inacho hicho kitu, au ni mistari miwili ya CSS tu, lugha ya kupanga muonekano, achana na plagini.

Haya, unaihitaji. Usianze na nyota wala idadi ya watumiaji. Mwezi wa 9 mwaka 2020 plagini ya File Manager ilikuwa kwenye saiti zaidi ya 700,000, na ikagundulika kuna faili lililobaki humo ndani kutoka kwenye laibrari (programu iliyoandikwa na watu wengine) waliyoitumia, mtu yeyote hata bila kulogini alikuwa anaweza kulitumia kupandisha faili lake kwenye seva. Alafu mwezi wa 11 mwaka 2024 ikaja zamu ya Really Simple Security, saiti milioni 4, tena ni plagini ya usalama kabisa, na tundu la kiusalama lilikuwa kwenye sehemu ya kulogini kwa hatua mbili. Umaarufu unakwambia watu wengi wanaipenda, basi.

Mi naangalia watu walio nyuma yake. Fungua ukurasa wa plagini kwenye wordpress.org, angalia imeapdetiwa lini mara ya mwisho, na kama haijajaribiwa na matoleo makubwa matatu ya karibuni utakuta onyo limewekwa juu kabisa, hilo usilipuuze. Soma changelog, yaani orodha ya mabadiliko ya kila toleo, uone developa anaandika nini hasa amerekebisha. Ingia kwenye maswali ya watumiaji uone kama yanajibiwa, na zile rivyu za nyota moja zisome zote, hasa za karibuni, manake huko ndo watu wanaandika "baada ya apdeti saiti imeanza kuonyesha matangazo nisiyoyajua".

Ukiona plagini imebadilisha mmiliki, kuwa makini mara mbili. Display Widgets iliuzwa mwaka 2017 ikiwa kwenye saiti kama 200,000 hivi, mmiliki mpya akaweka kodi (maandishi ya programu) ya kurusha spamu ambayo ukiwa umelogini huioni, kwa hiyo wenye saiti walikuwa wanaangalia saiti zao wanaona ziko safi tu!

Hatua inayofuata wengi wanairuka na ni ya bure. Nenda Wordfence, Patchstack au WPScan, wana orodha za matundu yaliyokwisha kugundulika, tafuta jina la plagini kama lilivyo kwenye anwani ya ukurasa wake. Sasa hapa watu wanakosea, wakikuta matundu matano wanakimbia, wakikuta sifuri wanafurahi. Sifuri inaweza kuwa na maana kwamba hakuna aliyewahi kuichunguza. We angalia mambo haya: tundu lilizibwa haraka au lilikaa miezi, linahitaji mtu awe admini ndo alitumie au yeyote anayepita anaweza, na je, ni kosa lilelile linajirudia kila mara? Alama za CVSS, zinazopima ukali wa tundu, zinaenda 0 mpaka 10, na tundu la 9 lisilohitaji kulogini na halijazibwa, hapo hamna mjadala, usiweke.

Kama unasoma PHP kidogo, lugha inayoandikiwa plagini, pakua zipu uifungue kwenye kompyuta yako kabla haijagusa saiti. Tafuta eval, base64_decode na gzinflate, amri zinazoweza kutumika kuficha na kuendesha kodi, moja peke yake sio ushahidi, ila zikiwa pamoja na mlolongo mrefu wa herufi zisizosomeka, futa. Tafuta pia wp_ajax_nopriv_, hizo ni kazi zinazoweza kuitwa na mtu asiyelogini, kila moja jiulize kweli ilitakiwa iwe wazi kwa wote? Na pale inapobadilisha setingi lazima ukute current_user_can (inakagua kama mtumiaji ana ruhusa) pamoja na ukaguzi wa nonce (alama ya kuthibitisha kwamba ombi limetoka kwenye saiti yako), nonce peke yake haitoshi.

Plagini za kulipia zinazogawiwa bure kwenye saiti za pembeni usiguse, hata kama rafiki amekwambia yake inafanya kazi. Aliyeifungua alishaigusa kodi, na apdeti kutoka kwa mwenyewe hazitakufikia.

Ikipita yote hayo, chukua bakapu, ijaribu kwenye nakala ya saiti kwanza, alafu baada ya kuiwasha kagua orodha ya watumiaji kama hajaongezeka admini. Usipoitaka tena ifute kabisa, ukiizima tu mafaili yake yanabaki kwenye seva na mengine yanaweza kuitwa moja kwa moja.

Na rudi kuangalia kurasa za plagini zako mara kwa mara, kwa sababu plagini ikifungiwa na WordPress.org, dashibodi yako inaweza isikwambie kitu, itaendelea kukaa hapo kimya bila apdeti. Ukikuta ukurasa umeandikwa imefungwa kwa sababu za usalama, na hakuna toleo jipya, itoe siku hiyohiyo na utafute mbadala.