Bakshishi usiiweke kwenye Lipa Namba

Siku hizi wengi wetu tunatembea bila hela mfukoni, kila kitu simu. Sasa ukila mgahawani Dar, bili ikaja 27,000, ukatuma 30,000 kwa Lipa Namba na kumwambia mhudumu "hiyo nyingine yako", ujue imeingia kwenye akaunti ya biashara. Kuitoa humo ni mpaka bosi apende. Mimi nilifanya hivyo miezi kadhaa sehemu ninayokula mchana, dada ananijibu "asante kaka" kwa adabu zake, hadi siku moja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuiona hata mia.

Kwa hiyo lipa bili kamili kwa simu, halafu bakshishi, ile ya soda, mpe mhudumu mkononi. Mimi huwa naweka noti mbili tatu za 1,000 na 2,000 nyuma ya kava la simu, kwa kazi hiyo tu. Kama huna, muulize namba yake umrushie, ila muulize pembeni, si mbele ya meneja.

Ukiiacha mezani, hakikisha anayeichukua ni aliyekuhudumia. Anayefuta meza mara nyingi ni mwingine. Na yule wa jikoni aliyekukaangia samaki upya kwa sababu ulilalamika? Huyo hata sura yake huijui. Ukiwa nayo, ongeza 1,000, useme "hii ya jikoni".

Kwa mama lishe hakuna anayetegemea bakshishi. Usidai tu ile chenji ya 200.