Somo: Jinsi ya kuiandaa PlayStation 2 ya mtumba ili gemu zake zikupe raha hadi leo

Swali hili limejirudia mno hapa jukwaani: je, gemu za PlayStation 2 zimezeeka? Mtu ananunua PlayStation 2 ya mtumba pale soko la Kibuye, Kisumu, anaiunganisha na televisheni bapa ya sebuleni, anacheza mechi mbili, kisha anatuandikia kwamba gemu za zamani zimepitwa na wakati na kwamba tulizipenda kwa sababu ya utoto tu. Nimeyaweka majibu yangu yote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili. Ninaamini kwa dhati kwamba gemu bora za mashine hii, iliyotoka Japani mwezi Machi 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, hazijazeeka. Kinachoziharibia sifa ni namna tunavyoziunganisha na televisheni za leo.

Hatua ya kwanza: kagua umeme. Kabla ya kuchomeka chochote, soma kibandiko cha mashine. Umeme wetu ni volti 240, ilhali mashine nene zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinataka volti 120 na zile za Japani volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja, itaungua. Tarakimu ya mwisho ya nambari inayoanza na SCPH itakueleza asili yake: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza na 4 ni bara Ulaya. Mashine nyembamba za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 2004, hutumia adapta ya nje ya volti 8.5, kwa hiyo usikubali muuzaji akupe ya volti 12 kwa sababu tu kichwa chake kinaingia. Kumbuka pia kwamba diski ya Marekani haitasomeka kwenye mashine ya Ulaya ambayo haijafanyiwa marekebisho.

Hatua ya pili: pangusa diski. Tumia kitambaa laini, kutoka katikati kuelekea ukingoni.

Hatua ya tatu: safisha lenzi ikiwa diski safi haisomeki. Tumia pamba na alkoholi ya isopropili, si spiriti ya kupaka ngozi, ambayo mara nyingi ina mafuta yanayoacha utando.

Hatua ya nne: televisheni. Hapa ndipo gemu nyingi nzuri zinapohukumiwa bila haki, kwa hiyo naomba usome polepole. Kwa gemu nyingi, mashine ya Ulaya hutoa picha yenye mistari 576 inayotumwa kwa mafungu mawili, mistari witiri kwanza kisha ile shufwa. Televisheni ya zamani ya kioo cha mgongo huichora mistari hiyo mara tu inapofika. Televisheni bapa hufanya vingine: huipokea picha, huyaunganisha mafungu, huikuza ijae kioo, huipaka rangi na kuing'arisha, ndipo huionyesha. Kazi hiyo yote huchukua muda, na muda huo ndio unaokufanya ubonyeze pasi mchezaji akatoa wakati beki ameshafika. Ukiona hivyo, usiilaumu gemu wala vidole vyako. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, chagua hali ya picha ya gemu (Game Mode), kisha uzime kila kinachodai kulainisha mwendo au kuondoa chembechembe za picha. Rudisha pia umbo la picha liwe 4:3, isipokuwa kama gemu yenyewe ina chaguo la kioo kipana, maana mpira unaoonekana kama yai huchosha macho.

Onyo la kwanza: vigeuzi vya bei nafuu vinavyobadilisha waya wa AV wa rangi tatu (manjano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti) kuwa HDMI mara nyingi huongeza ucheleweshaji juu ya ule wa televisheni, tena huivuta picha. Ikiwa televisheni yako ina matundu ya kijani, bluu na nyekundu, tafuta waya wa komponenti unaoingia humo moja kwa moja. Onyo la pili: kabla ya kuchomoa waya wa manjano, ingia kwenye mipangilio ya mashine na uchague Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB, la sivyo rangi zitavurugika na hutaweza kuona vizuri menyu ya kurekebishia. Onyo la tatu: usimpelekee fundi televisheni wala mashine kabla ya kufanya haya, kwa sababu utalipia kitu ambacho hakijaharibika.

Hatua ya tano: memori, yaani kadi ndogo inayohifadhi ulikofika kwenye gemu. Memori halisi ya Sony ina megabaiti 8, na hiyo inatosha. Zile zinazoandikwa 64 au 128 zisizojulikana asili yake hupoteza kumbukumbu bila taarifa. Usiichomoe wakati gemu inahifadhi, na kwa sababu stima yetu hukatika wakati wowote, hifadhi kazi yako kwenye memori mbili.

Hatua ya sita: anza na gemu zinazofaa. Kwangu, gemu inayodumu ni ile ambayo raha yake imo ndani ya kitendo chenyewe. Tetris ya mwaka 1984 ni ushahidi tosha: haikuwahi kuwa na picha za kujivunia, na bado hakuna cha kuiongeza. Kwa watu wawili, chukua Pro Evolution Soccer 6 ya mwaka 2006. Mpira wake una uzito, mchezaji mzito hugeuka kama mzito, na goli unalofunga unajua umelifungaje. Majina ya timu nyingi si halisi, Liverpool kwa mfano inaitwa Merseyside Red, lakini sehemu ya uhariri hukuruhusu kuyarekebisha. Tekken 5, gemu ya kupigana, itakufunza jambo jipya hata baada ya miaka, na Burnout 3 ya mwaka 2004, ambamo unamgonga mpinzani makusudi ili umtoe barabarani, inaeleweka kabla hujamaliza kuielezea. Shadow of the Colossus ni ya kuchezwa peke yako usiku: majitu 16, nchi tupu, na hakuna maadui wadogo wa kukupotezea muda.

Maswali ya wanachama

Mdau wa Bondeni, Nakuru: Nimechomeka yangu ikatoa moshi. Shida ni nini?

Jibu: Soma hatua ya kwanza. Usiiwashe tena. Mpelekee fundi akague fyuzi na sehemu ya kupokea umeme, maana huenda ubao mkuu umepona.

Mdau wa Bondeni, Nakuru: Kwa hiyo ilikuwa ya volti ngapi?

Jibu: Imeandikwa kwenye kibandiko, ndugu yangu. Mimi siioni nikiwa Kisumu.

Kijana wa Busia: Mkubwa, televisheni yangu haina tundu la manjano, kuna la kijani tu. Nimechomeka hapo, picha ikatoka nyeusi na nyeupe.

Jibu: Umeuliza vizuri kwa sababu umeeleza ulichofanya. Kwenye televisheni nyingi tundu la kijani hutumika kwa njia zote mbili, ya waya wa manjano (AV) na ya komponenti. Waya wako ni sahihi, ila televisheni inadhani unaileta komponenti. Kwenye orodha ya vyanzo vya picha chagua AV, na rangi zitarudi.

Mwana wa Bungoma: Kwa nini nihangaike na haya yote wakati kompyuta yangu inazicheza?

Jibu: Sijamkataza mtu. PCSX2 ni programu nzuri, na ukiwa na diski zako mwenyewe pamoja na kompyuta yenye nguvu utapata picha kali kuliko mashine ya asili. Lakini somo hili ni la waliokwisha kununua mashine. Tena DualShock 2, padi ya mashine hii, hupima nguvu ya kidole kwenye vitufe, na Gran Turismo 4, gemu ya mbio za magari, hutumia uwezo huo kwa mafuta na breki. Padi nyingi za leo hazina uwezo huo.

Mama Pendo, Kakamega: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka tisa na hajawahi kushika padi. Nianze naye wapi, nami nicheze pia?

Jibu: Marahaba, mama. Tafuteni LEGO Star Wars ya mwaka 2005. Mnacheza pamoja upande mmoja, mmoja wenu anaweza kuingia au kutoka wakati wowote, na anayeshindwa hupoteza vijisarafu kisha anaendelea papo hapo, kwa hiyo mtoto hajifunzi kuogopa kukosea. Mwachie yeye atangulie, nawe umfuate. Grand Theft Auto: San Andreas iwekeni mbali, ni ya watu wazima. Na kwa kuwa mvua za Kakamega huja na radi, chomoeni waya wa umeme na ule wa antena kila wingu linapotanda, kwani kuzima kwa swichi peke yake hakutoshi.

Kijana wa Busia: Kwa kuwa umeitaja San Andreas, ile misheni ya kufukuza treni imenishinda kabisa.

Jibu: Usiikaribie treni. Wengi huisogelea wakidhani Smoke, mwenzako anayepiga risasi akiwa nyuma ya pikipiki yako, atalenga vyema, kumbe ukiwa karibu hawezi kuwapiga waliosimama juu ya mabehewa. Kaa upande wa kulia, acha nafasi ya kutosha, na uendeshe kwa mwendo ulio sawa na wa treni bila kuipita.

Mwana wa Bungoma: Basi nimekuelewa kuhusu mashine. Nikinunua diski moja tu kwa sasa, iwe ipi?

Jibu: Tekken 5. Ndani yake wameweka pia matoleo ya mashine za ukumbini ya Tekken ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa hiyo kwa bei ya diski moja unapata gemu nne za kupigana. Ikague kwenye mwanga kabla ya kulipa. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi husomeka, lakini ile inayofuata mzunguko wa diski ndiyo ya kukataa.