Mtoto Anakohoa Usiku na Pua Imeziba: Anzia Puani

Mara nyingi kikohozi cha usiku hakitoki kifuani. Mtoto akilala chali, kamasi huteremkia kooni, naye hukohoa kuiondoa. Ndiyo maana dawa za maji za kikohozi hazimfai, na kwa aliye chini ya miaka 6 ziacheni kabisa.

Tengeneza maji ya chumvi. Chemsha maji ya kunywa dakika 5, yafunike yapoe. Ya kisima usitumie: visima vingi vya Mombasa vina maji ya magadi, kipimo kitaharibika. Jaza chupa ya soda ya mililita 300, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, usiache kilima. Ikizidi, pua itamwasha na kesho hatakubali kushikwa. Baada ya saa 24, mwaga.

Mlaze chali, matone 2 kila tundu, ngoja dakika moja. Mpira wa kunyonya kamasi uuminye ukiwa nje, utie ncha mlangoni tu mwa pua, kisha uuachie polepole. Wengi huuminya ukiwa ndani, kamasi ikarudi nyuma. Mtoto mchanga msafishe kabla ya kunyonya, akishiba atatapika. Usizidishe mara 4 kwa siku, pua itavimba.

Aliyetimiza mwaka apewe nusu kijiko cha chai cha asali akienda kulala. Chini ya mwaka, asali ni hatari. Beseni la maji yanayofuka mvuke pia tusilikaribishe: huunguza watoto.

Kisha moshi. Chetezo cha udi, jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma vitoke chumbani mwake. Nguo zifukizwe uani, mtoto alale ndani ya chandarua. Masika, futa ukungu ukutani, na jua likitoka anika godoro.

Akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kabla ya mwaka, au 40 kati ya mwaka na miaka 5, huenda ni kichomi (nimonia): mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mbavu zikibonyea, akishindwa kunyonya au midomo ikigeuka buluu, usingoje kuche.

Kikohozi kikipita siku 14 apimwe pumu, kifaduro na kifua kikuu. Tundu moja tu likitoa uchafu unaonuka, huenda ameingiza shanga au punje ya haragwe. Usichokonoe, daktari ataitoa.