Tiketi za treni Ufaransa, hatua kwa hatua (na kwa nini usidandie behewa lolote tu)

Mwezi uliopita nilimpokea shangazi yangu kutoka Tanga, anakwenda Brest kwa binti yake aliyejifungua. Ilikuwa safari yake ya kwanza Ulaya, na Kifaransa hajui. Tiketi nilimkatia mimi, maelekezo nikampa kwa simu siku tatu mfululizo, kisha nikatoka Rennes ninakoishi nikamfuata Paris nimpandishe kwa mkono wangu. Maswali aliyoniuliza ndiyo nimeyafuata humu.

Hatua ya 1: Jina na saa

Tiketi ya TGV, yaani treni ya mwendo kasi, ina jina la msafiri, na mkaguzi anaweza kukuomba pasipoti. Wengi wetu tuna majina matatu na tumezoea kuyapanga tunavyopenda. Fungua pasipoti uifuate kama ilivyo: jina la ukoo liende penye "Nom", yaliyobaki penye "Prénom". Jina la nyumbani, hata kama ndilo watu wote wanakuitia, liache.

Saa nazo zinachanganya. Wafaransa wanaandika saa 24, kwa hiyo 07h04 ni saa moja na dakika nne asubuhi, na 19h04 ni saa moja na dakika nne usiku. Nilikuta shangazi ameandika kwenye daftari lake "treni saa 13". Nilichukua kalamu nikamwandikia juu ya tiketi yenyewe: saa saba na dakika nne mchana. Mkatie mgeni wako tiketi kisha umfanyie hivyohivyo.

Hatua ya 2: Kukata tiketi

Mimi natumia SNCF Connect, programu ya shirika la reli lenyewe. Bei ya TGV inapanda kadiri viti vinavyojaa, kama ya ndege, kwa hiyo wahi. Treni za mikoani, TER, hazina haraka hiyo. Kwa kawaida unakata siku hiyohiyo na huchagui kiti.

Utaona TGV za aina mbili, INOUI na OUIGO. OUIGO ni nafuu, lakini bei yake ya chini inabeba mkoba mmoja na sanduku dogo tu. Kikubwa zaidi unalipia. Kwa mtu anayetoka nyumbani na masanduku mawili ya vitenge, viungo na dagaa wa kukaanga, ule unafuu unayeyuka. Mgeni mkatie INOUI. Huko, kwa kanuni zilizoanza 2024, unaruhusiwa masanduku mawili, kila moja lisizidi sentimita 70 kwa 90 kwa 50, pamoja na mkoba. Kila mzigo lazima uwe na jina la mwenyewe, maana usipokuwa nalo unaweza kutozwa faini. Karatasi iliyobandikwa kwa gundi inatosha.

Shangazi ana miaka 63, tukamkatia na kadi ya Avantage ya wazee: euro 49 kwa mwaka, inapunguza asilimia 30. Kwenda na kurudi peke yake ilikuwa imeshajilipa. Vijana wa miaka 12 hadi 27 wana ya kwao. Ya watu wazima ina masharti ya wikiendi, yasome kwanza.

Kadi ya benki ya nyumbani inaweza kugoma kwa sababu ile namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini isiyoshika mtandao huku. Usihangaike nayo. Mwenyeji wako anaweza kulipa kwa kadi yake, mradi jina la msafiri liwe lako.

Hatua ya 3: Chapisha

Programu ya simu ni nzuri, lakini mimi bado nachapisha. Mtu aliyeruka usiku kucha anashuka na simu isiyo na chaji. Karatasi moja ya A4 yenye ule mraba wa madoa meusi haina shida, mradi usiukunje katikati ya mraba.

Hatua ya 4: Kutoka uwanja wa ndege

Kwanza angalia kama kuna TGV inayoondokea palepale Charles de Gaulle, kwenye stesheni iliyo Terminal 2. Zipo za Lille, Lyon, Marseille, Rennes na kwingineko, na ukiipata huingii Paris kabisa. Ukikosa na unakwenda Bretagne, panda RER B, treni ya mjini na vitongoji, hadi Denfert-Rochereau, halafu metro namba 4 au 6 hadi Montparnasse, stesheni ya treni za huko. Tiketi ya RER usiitupe, utaihitaji kutokea. Na stesheni ya "Paris Gare de Lyon" iko Paris, haiko Lyon.

Kati ya kutua na kuondoka kwa treni ya Paris mjini mimi naacha muda wa saa nne. Foleni ya pasipoti huwezi kuikadiria.

Hatua ya 5: Kupanda behewa lenyewe

Hapa soma polepole.

Treni nyingi za TGV zinazokwenda mbali ni treni mbili zilizounganishwa. Zinaondoka pamoja kwenye jukwaa moja, dakika moja, halafu zinaachana njiani. Kwa Bretagne, mkoa wa magharibi wenye Rennes na Brest, zinaachana Rennes: moja inakwenda Brest kaskazini, nyingine Quimper kusini. Na baina ya hizo mbili hakuna mlango wa kupita ndani. Ukiingia ya mbele umo ya mbele, ukiingia ya nyuma umo ya nyuma.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasoma Brest. Nilifika Montparnasse nikikimbia, nikaruka kwenye mlango wa kwanza niliouona wazi, nikijiambia nitatembea ndani kwa ndani mpaka behewa langu. Nilivuta sanduku kupita watu, behewa baada ya behewa, nikafika mwisho nikakuta ukuta na kioo cheusi. Mkaguzi akanitazama tiketi, akaniambia nishuke Rennes nihamie upande wa pili, zipo dakika chache za kutosha. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na choo, nikasinzia. Nilipofumbua macho, kibao cha nje kilikuwa kimeandikwa Vannes, njia ya Quimper. Nikarudi Rennes, nikangoja treni nyingine, nikaingia Brest usiku wa manane. Karibu saa sita za maisha yangu, na kesho yake nilikuwa na mtihani.

Kwa hiyo fanya hivi.

Kwenye tiketi tafuta vitu vitatu: namba ya treni, "Voiture" yaani behewa, na "Place" yaani kiti. Mabehewa ya treni moja huwa 1 hadi 8, ya mwenzake 11 hadi 18. Ukiona Voiture 14, jua kuna uwezekano mkubwa kwamba treni yako imeunganishwa na nyingine.

Ubao mkubwa unataja jukwaa, "Voie", dakika kama 20 tu kabla ya kuondoka. Kabla ya hapo umati wote umesimama ukiangalia juu, nawe simama usipoteze nguvu. Ubao huo unaweza kuonyesha namba mbili za treni kwa saa ileile. Shangazi aliliona kabla yangu:

"Mwanangu, mbona hii treni moja ina namba mbili?"

"Ni mbili, shangazi. Ya kwako ni hii ya chini. Ile nyingine usiiguse."

Jukwaani kuna vibao vyenye herufi, A, B, C na kuendelea, na skrini inayochora treni nzima na kuonyesha kila behewa litasimama kwenye herufi gani. Nenda kasimame kwenye herufi yako. Treni mbili zikiungana zina urefu wa kama mita 400, na ukianzia mwisho usio wako na masanduku mawili, muda unakwisha. Milango inafungwa dakika mbili kabla ya saa iliyoandikwa, na mlango ukishafungwa hufunguliwi.

Mwisho, kabla ya kukanyaga ngazi, soma skrini ndogo pembeni ya mlango. Inataja behewa na mwisho wa safari. Ikisema Quimper na wewe unakwenda Brest, tembea.

Na kama umechelewa kabisa na huna njia ila kuruka mlango wowote, ruka mlango wa treni yako kati ya hizo mbili. Kosea behewa, usikosee treni. Ukishaingia, mtafute mkaguzi wewe kabla hajakutafuta yeye.

Ghorofa je? TGV nyingi ni za ghorofa mbili: "haut" ni juu, "bas" ni chini. Ukikata, unaweza kuomba chini. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, omba.

Hatua ya 6: Tiketi ya karatasi ya TER

Ikiwa imeandikwa "à composter", itie kwenye mashine ndogo jukwaani au mlangoni ipigwe muhuri kabla hujapanda. Tiketi yenye ule mraba ya INOUI haihitaji.

Hatua ya 7: Mgomo na ucheleweshaji

Ukisikia neno "grève", angalia treni yako jana yake baada ya saa kumi na moja jioni. Ratiba ya kesho huwa imeshatangazwa.

INOUI au Intercités (treni za masafa marefu zisizo TGV) ikichelewa dakika 30 na zaidi kwa sababu yoyote, unastahili fidia, kuanzia robo ya nauli. Inaombwa mtandaoni kwa jina na ile namba ya herufi sita iliyo juu ya tiketi. Ya shangazi niliinakili kwenye simu yangu kabla sijampungia mkono, na karatasi nikamwambia aitunze hadi arudi Tanga.