Picha ya zamani ya kabuki: igeuze kwanza uangalie mgongo

Umepata picha ya Kijapani, waigizaji wa kabuki (tamthilia ya jadi ya Japani) wamekodoa macho, mavazi mazito, na unataka kujua ni ya kweli ama kopi ya juzi? Usianze na sura yake maana sura inadanganya. Igeuze. Hizi zilichapwa kwa mkono, karatasi inalazwa juu ya ubao uliochongwa na kupakwa rangi halafu mchapaji anasugua mgongo kwa kifaa cha duara kinaitwa baren, so rangi inapenya mpaka nyuma. Kama nyuma ni nyeupe pee na haijabandikwa karatasi nyingine, anza kushuku. Chukua lenzi ya kukuzia, ukiona vidoti vidoti basi ni ya mashine, imeisha hiyo. Ila kukosa vidoti peke yake hakutoshi, picha maarufu zilichongewa mbao upya baadaye, na kopi hizo nazo hazina vidoti.

Sasa njoo kwenye mihuri, hapa ndo utamu ulipo. Serikali ya wakati ule ilitaka kila picha ikaguliwe kabla ya kuuzwa. Mihuri miwili ya wakaguzi bila tarehe ni kati ya 1847 na 1852. Baada ya hapo unaongezeka muhuri wa tarehe wenye mnyama wa mwaka (kwa kalenda yao kila mwaka una mnyama wake, ameandikwa kwa herufi za Kijapani, hajachorwa) na namba ya mwezi, panya ni 1852, ng'ombe 1853. Lakini wanyama wako 12 na wanarudia, panya ni 1864 pia! Usichanganyikiwe: panya wa 1852 anakuwa na ile mihuri miwili ya wakaguzi pembeni, wa 1864 yuko ndani ya muhuri mmoja tu wa duara ambao ukaguzi na tarehe vimeunganishwa.

Mtu amekatwa nusu pembeni? Usikate tamaa, matukio ya jukwaani mara nyingi yalichorwa kwenye karatasi tatu na wewe unayo moja. Na nyekundu kali sio dalili ya feki, wachoraji kina Kunichika walitumia sana rangi za viwandani miaka ya 1870 na kuendelea.

Tafadhali usiipige lamineshen, usibandike selotepu, usitundike penye jua.

Kumtambua mwigizaji angalia nembo kwenye nguo, miraba mitatu mmoja ndani ya mwingine ni ukoo wa waigizaji wa Ichikawa Danjūrō. Kisha ingia mtandaoni kwenye mkusanyo wa makumbusho ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, tafuta inayofanana na yako ulinganishe mstari kwa mstari, mistari iliyomeguka sehemu zilezile ni dalili nzuri kwamba zimetoka ubao mmoja.